Msiniambie "Ni Umri Tu"

"Ni umri tu, mzee wangu."

Kijana wa zahanati aliyeniambia hivyo wiki tano zilizopita hakuwa na nia mbaya. Aliniamkia vizuri, akanitanguliza mbele ya foleni, akaniuliza nasumbuliwa na nini. Nikamweleza kwamba usiku naamka mara tano kwenda kukojoa, usingizi sipati, mchana nasinzia hata kwenye mkeka wa msikitini. Hakuinua kichwa. Aliandika, akatamka maneno yake, akanipa vidonge vya maumivu ambayo sikumwambia ninayo. Nilitoka pale na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nistaafu.

Nina miaka 71. Miaka 34 nimeimalizia chini ya sitaha, chumba cha injini, kwenye meli za mizigo za ziwa letu hili la Tanganyika. Bujumbura naijua, Kalemie naijua, Kasanga na Mpulungu nimelala usiku usiohesabika. Baada ya kustaafu nimekwenda Makka, nimekwenda Muscat kwa binti yangu, nimezunguka na treni mpaka Mpanda na Mwanza kwa sababu tu napenda kusafiri. Kote nilikopita sijapata kumsikia fundi akimwambia nahodha kwamba injini inagonga kwa sababu ni ya zamani, halafu akapanda juu kulala. Injini ikigonga, kipo kinachogonga. Unaizima, unaifungua, unakitafuta.

Watu wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa jambo hili, tumelelewa na Liemba. Meli ile ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaja vipande vipande kwenye masanduku, ikaungwa hapa hapa Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Ikakaa chini ya maji miaka minane. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Mimi nilipoanza kazi niliwakuta wazee waliokuwa wameizoea ikiwa bado ya mvuke, kabla haijafungwa injini za dizeli. Walikuwa wakituambia vijana: msiulize ina miaka mingapi, ulizeni nani aliikagua mara ya mwisho. Chombo cha zaidi ya miaka mia moja kikivuja, tunatafuta tundu. Mtu wa miaka 71 akivuja, tunamwambia ni umri.

Nichukue masikio yangu. Sikio la kushoto halisikii vizuri, na huko nako nimeambiwa ni uzee. Si uzee. Ni miaka 34 ya kusimama kando ya injini bila vizibo vya masikio, kwa sababu zamani zile hakuna aliyetupa na sisi hatukuomba. Kaka yangu yuko Kasulu, kanizidi miaka minne, maisha yake yote amelima maharage, na anamsikia kuku akiparua nyuma ya nyumba. Kama ni umri, yeye angeanza. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wanaofanya kazi leo kwenye mashine za kusaga, kwenye karakana na kwenye boti za injini za nje: ule mlio unakula sikio polepole, na kilicholiwa hakirudi.

Lakini la mkojo ndilo lililonifanya nikae niandike, na nitaliandika wazi maana tumelificha mno.

Mwaka juzi fundi mwenzangu, tuliyekaa naye meli moja miaka tisa, alipanda treni hapa kwenda Tabora. Alikuwa na mafua. Duka la dawa wakampa vile vidonge vya kukausha pua, akameza viwili kabla ya safari. Kufika Uvinza akataka kwenda haja ndogo, mkojo haukutoka. Malagarasi, hakuna. Kaliua hakuweza tena kukaa, amesimama kwenye korido ameshika dirisha, jasho linamtiririka na tumbo la chini limekuwa gumu kama ngoma. Mwanamke mmoja aliyekuwa na watoto wawili ndiye aliyewahamisha watoto na kumlaza kwenye kiti chake. Tabora alishushwa akibebwa. Walipomwekea mpira, ilitoka zaidi ya lita moja na nusu. Alilia, na yule ni mtu niliyemwona akiunguzwa mkono na bomba la moshi asitoe sauti.

Kumbe kwa miaka miwili alikuwa akieleza kwamba mkojo unatoka kwa kukatika, anasimama muda mrefu kabla haujaanza, na akimaliza anahisi haujaisha. Aliambiwa ni umri. Ilikuwa tezi dume. Ile tezi inauzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu, na kwa wanaume wengi inaendelea kukua kadiri miaka inavyokwenda. Fundi ataelewa haraka: ni kama klipu iliyokazwa kupita kiasi kwenye mpira. Tanki limejaa, pampu inasukuma, maji yanadondoka matone. Kibofu kinasukuma mpaka kinachoka, na mkojo unaobaki ukizidi unaweza kurudisha mgandamizo mpaka kwenye figo. Na vile vidonge vya mafua, nyingi kati ya dawa zake huukaza mlango wa kibofu au huulegeza msuli wake. Kwa mtu mwenye tezi iliyokwisha kukua hicho ndicho kinachofunga kabisa. Hakuna aliyemuuliza dukani. Hakuna aliyemwambia zahanati. Leo amefanyiwa upasuaji, yuko Urambo kwa mwanawe, anakojoa vizuri, lakini figo zake hazijarudi zilivyokuwa.

Nilikuwa na safari ile kichwani nilipokuwa mbele ya yule kijana. Ndiyo maana sikukubali.

Siku nne baadaye nilikwenda kwingine. Nikamkuta binti, umri wa mjukuu wangu mkubwa. "Shikamoo babu," akasema, halafu akaweka kalamu chini. Aliniuliza mkojo unatoka kwa nguvu au kwa kukatika, kuna damu, kuna kuwashwa, nakunywa nini jioni. Mwisho akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa miaka sita niliyokuwa natumia dawa ya presha: "Hii dawa unaimeza saa ngapi?"

Nikamwambia, baada ya swala ya isha. Niliandikiwa moja kwa siku, na isha ndio wakati ninaokumbuka.

Akaniambia moja ya dawa zangu inapunguza presha kwa kutoa maji mwilini kupitia mkojo. Nikiimeza saa mbili usiku, itafanya kazi usiku. "Tuihamishie asubuhi, babu." Kisha kahawa. Kila jioni, toka nistaafu, tunakaa kibarazani hapa Ujiji na bao na kahawa chungu, vikombe vinne mpaka vitano, na sikuwahi kuihesabu kahawa kama kitu kinachoingia mwilini. Akanipima sukari na mkojo, akanielekeza kipimo cha damu cha tezi, cha PSA, na daktari mkubwa akanipima kwa kidole. Naandika neno lile makusudi: kidole. Kinachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Nimewasikia wanaume wakiapa kwamba bora wafe. Wengine wamekufa.

Majibu: tezi imekua kiasi, damu haikuonyesha cha kutisha, na daktari akanifafanulia kwamba kukua huku si saratani, ingawa saratani inaweza kuwapo bila dalili yoyote, na ndiyo sababu ya kupima badala ya kukisia. Nimepewa dawa ya kulegeza ule mlango wa kibofu. Nainuka kitandani taratibu, maana nimeambiwa inaweza kuleta kizunguzungu.

Binti yule alinipa pia kazi ambayo niliipenda: kuandika kwa siku tatu kila ninachokunywa na kila ninachokojoa, saa na kiasi, kwa kutumia jagi la plastiki lenye mistari. Mke wangu alishangaa kuniona usiku na tochi na jagi. Lakini mimi ndivyo nilivyoishi miaka yote. Kwenye chumba cha injini kila saa unaandika joto la maji, presha ya oili, mafuta yaliyotumika, na ukiona namba inasogea unajua kabla chombo hakijakuambia kwa mlio. Daftari langu la siku tatu za kwanza: usiku mara tano, mara tano, mara nne. Wiki tatu baada ya kuhamisha kidonge na kahawa: mara mbili, mara moja, mara mbili.

Nakubali mambo mawili, ingawa kwa shingo upande. Kwanza, wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Pengine mimi nilikuwa mgonjwa wa sitini kuonwa na yule kijana siku ile. Pili, sisi wazee tunawaficha. Mwanaume anakwenda kwa ajili ya mkojo, akifika anasema mgongo. Akirudi ananunua chupa kwa yule wa kipaza sauti sokoni anayetibu tezi, sukari, presha na nguvu za kiume kwa dawa moja.

Hata hivyo sitakubali kwamba swali la "unaimeza saa ngapi" linahitaji fedha au mashine. Sera ya Taifa ya Wazee, toka ile ya 2003, inatutambua kuanzia miaka 60, madirisha yetu yapo, tunapishwa kwenye foleni, na nashukuru kwa moyo wote. Lakini nikipishwa mbele ya foleni ili niambiwe haraka zaidi kwamba nimezeeka, nimepishwa kwenda wapi? Wapo wanaoona kiza kwa sababu ya mtoto wa jicho ambaye angetolewa kwa upasuaji wa muda mfupi, nao wamekaa majumbani wakiamini ni umri. Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni mmoja wao. Alikuwa mshonaji wa kanzu, mwenye mkono mzuri kuliko wote Ujiji. Nimemwomba ruhusa nimpeleke mwezi huu, amekubali jana.

Siku hizi usingizi naupata, na kinachoniamsha ni adhana ya alfajiri. Nikishaswali nakamata bajaji mpaka Kibirizi kuangalia boti zinavyoshusha dagaa, kama mwezi haukuwa mweupe, nanunua migebuka miwili, narudi mke wangu anaiunga kwa mawese. Kidonge cha presha nakimeza wakati wa chai.

Jumatatu nakwenda kwenye ile zahanati ya kwanza. Nitapanga foleni kama watu wengine, nisipishwe, nikifika mbele nitamwekea yule kijana daftari langu mezani na kumwomba alisome mpaka ukurasa wa mwisho.