Napanga Deki, Sipigi Deki

Toleo jipya la mchezo wangu wa kadi wa kwenye simu limetoka, na tangu hapo nyumba haina amani. Kosa nililifanya siku ile ile ya kwanza. Mama watoto aliniuliza mbona nimejikunyata kwenye kochi tangu asubuhi na simu imenibandika usoni, nami nikamjibu ukweli mtupu: "Napanga deki." Akafurahi, masikini. Alivyorudi alikuwa na ndoo na tambara.

Basi ndoo ipo pale pembeni ya kochi mpaka leo, inanitazama. Na deki yangu mimi, yaani fungu la kadi za kuingia nalo mchezoni, sijapata.

Asiyecheza anadhani kazi iko kwenye kucheza. Kucheza ni dakika kumi, umefungwa, umemaliza. Kazi iko kwenye kuchagua. Kadi mpya zaidi ya 130 zimemwagwa kwa mkupuo mmoja, juu ya mamia niliyonayo ambayo nusu yake sijawahi hata kuyasoma, halafu unaambiwa chagua 30. Kadi ya kawaida mwisho mbili, na zile lejendari, zenye jina lao na sauti yao, mwisho moja. Mimi nikianza kuchagua najikuta na 47. Naanza kupunguza. Nikitoa hii, nani atanikinga? Nikitoa ile, nitaua kwa nini? Hii hapa sina kazi nayo kabisa, lakini ina mchoro wa joka, na joka hulitoi hivi hivi tu kama unatoa chatu. Napunguza, napunguza, nafika 31, na hapo ndipo ninapokwama saa nzima. Kumtoa huyo mmoja ni sawa na kumshusha mtu ambaye tayari ameshafunga mkanda.

Nikaamua ya nini kujitesa, ngoja ninakili za watu. Toleo likitoka tu, wataalamu wanaota kama uyoga. Kuna wa deki za kasi, anataka umalize kazi kabla mwenzako hajavaa viatu. Kuna wa deki za kubana, mchezo mmoja unaota ndevu. Halafu kuna wa kombo, wanaosubiri kadi fulani zikutane ndipo wakumalize, na hao nawaheshimu kwa sababu jina lao halidanganyi: mambo huenda kombo kweli.

Mmoja akasema deki yake inashinda kwa asilimia 55. Nikajua nimeula. Nilipokaa na kupiga hesabu nikaona hiyo maana yake ni kwamba katika michezo 20 unashinda 11 na kufungwa 9. Deki bora kuliko zote ndiyo hiyo, na inafungwa mara tisa! Na mimi kwa bahati yangu ninavyoijua, ninaanza na zile tisa. Halafu nina ugonjwa: nikifungwa mara tatu mfululizo naitupa deki, natafuta nyingine. Kwa deki hiyo hiyo nzuri, ukichukua michezo mitatu yoyote, uwezekano wa kufungwa yote ni kama mmoja kwa kumi na moja. Maana yake ni kwamba nimeshatupa deki nzuri kadhaa kwa kosa la kunikuta siku mbaya.

Safari hii niliipenda moja hasa. Kadi 30, zote tofauti, hakuna inayojirudia hata moja, na katikati yake lejendari mmoja mzee mwenye mkongojo. Ukimshusha huyo uwanjani, upande wa adui unafagiliwa wote na wewe unapona kabisa. Nikaangalia nilizonazo: zimepungua mbili. Huyo mzee, na kadi nyingine ndogo ya kishamba tu.

Nikafungua pakiti zangu. Pakiti ina kadi tano, na katika kumi za kwanza za toleo lazima utoke na lejendari. Garasa, garasa, garasa. Pakiti ya tisa skrini ikawaka rangi ya dhahabu, moyo ukaruka, nikaita watoto waje washuhudie. Ikageuka. Lejendari wa shujaa nisiyemtumia, tena sijui hata namna ya kumtumia. Watoto wakarudi zao.

Ikabaki kinu, pale mchezoni unaposaga kadi usizozitaka ziwe vumbi, na kwa vumbi hilo unatengeneza unayoitaka. Kumtengeneza lejendari unahitaji vumbi 1600. Ukimsaga uliye naye unapata vumbi 400. Yaani wazee wanne wafe ili mmoja azaliwe, na hapo mnaniambia nachezea simu! Nikawasaga. Wa kwanza sikumjali. Wa pili alinivusha msimu mzima uliopita. Wa tatu na wa nne sikuwatazama, nilibonyeza huku nimegeukia ukuta. Sauti ya kusaga ni tamu, lazima nikiri, kitu kinapasuka kama kioo chembamba. Aliyeitengeneza alijua wanaume wazima watahitaji kufarijiwa.

Mwaka 1993, Richard Garfield alipokuja na mchezo wake wa kadi, Magic: The Gathering, kadi zilikuwa za karatasi. Ukiichoka, unampa mtu. Ukikosa wa kumpa, unaikunja unaweka chini ya mguu wa meza inayotikisika. Hii yangu ukiisaga hubaki hata na karatasi.

Vumbi likaisha, mzee nimempata, kadi moja bado. Ile ya kishamba. Nikasema hii nayo itanizuia? Nikaongeza kadi ya popo ya pili, maana popo mmoja alikuwemo tayari kwenye deki. Thelathini zikatimia. Nikaingia vitani.

Kadi uliyo nayo moja tu, ukifika zamu ya saba umeona kadi kumi kati ya 30, kwa hiyo uwezekano wa kuwa nayo mkononi ni theluthi moja. Siku hiyo, zamu ya saba, alikuja! Mkono ukaanza kutoka jasho. Adui amejaza uwanja, mimi nimebaki na uhai wa pointi mbili, na zamu yangu ina sekunde 75 ambazo nusu yake nilizitumia kumtazama mzee wangu kwa mapenzi. Kamba ya muda ikaanza kuwaka moto katikati ya skrini. Nikamburuta, nikamshusha. Akagonga mkongojo wake chini, akaunguruma maneno yake makubwa.

Kimya.

Uwanja wa adui upo vile vile. Uhai wangu mbili. Mzee amesimama tu kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Adui, sijui ni mtoto au mtu mzima, akanibonyezea "Umecheza vizuri" kwanza, ndipo akanimaliza.

Nikapiga kelele kwamba mchezo una hitilafu. Kijana wangu akaja, akachukua simu, akasoma. Akanitazama kwa ule upole ambao mtoto humpa baba anayetafuta miwani aliyoivaa.

"Baba, kadi imeandikwa inafanya kazi kama deki ilianza bila kadi inayojirudia. Hapa umeweka popo wawili."

Wiki moja baadaye wenye mchezo wakatangaza mzee ana nguvu kupita kiasi, wakampunguza makali. Kwa wengine. Kwangu hakuwahi kuua hata inzi. Utaratibu wao mzuri, sitawasingizia: kadi ikipunguzwa makali, ukiisaga ndani ya siku chache unarudishiwa vumbi lako lote, 1600 kamili. Lakini wale wanne niliowasaga? Kila mmoja kumrudisha ni 1600 yake. Nikamsaga mzee naye, nikabaki na vumbi langu na orodha mpya za wataalamu, kila mmoja ana deki ya asilimia 55.

Nikarudi kwenye kochi. Nikafika 31, nikakwama.

"Baba watoto," sauti ikatoka jikoni, "hiyo deki wiki ya pili sasa. Inaisha lini?"

Nikaweka simu chini, nikachukua tambara. Nilianzia mlangoni, nikapita chini ya meza, nikamalizia kwenye kona ya televisheni. Ndiyo deki pekee niliyoikamilisha tangu toleo litoke.