Mwongozo Unaoeleza Rangi na Kunyamazia Breki

Inaudhi kununua injini ya mvuke kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni, kisha ukafungua mwongozo wake na kukuta kurasa nzima za historia na rangi, huku tabia za injini yenyewe zikikosa hata sentensi moja. Chukua injini za Great Western, kampuni ya zamani ya reli ya Uingereza. Breki zake za ombwe (zinazoachia injini inapofyonza hewa kutoka kwenye bomba la treni) zilitumia ombwe la inchi 25 za zebaki, kipimo cha nguvu ya ombwe, ilhali kampuni nyingine kubwa za nchi hiyo zilitumia 21, kwa hiyo injini ya inchi 21 ikifungwa kwenye mabehewa yaliyoletwa na ile ya 25, haiwezi kufikia ombwe kali lililobaki katika silinda za mabehewa, na breki haziachii vizuri mpaka ombwe hilo liondolewe kwa mkono kwa kuingiza hewa, behewa moja baada ya jingine. Mchezo ukiiga jambo hilo kwa uaminifu, mchezaji asiyeambiwa atakaa stesheni akifungua mvuke na kuilaani kompyuta isiyo na kosa. Tena nyingi za injini hizo zilidumisha ombwe zikiwa mwendoni kwa pampu iliyosukumwa na mwendo wa pistoni, nalo hilo halitajwi kokote. Wanaoyajua mambo haya huyazika ndani ya video ya saa mbili (nusu yake ni salamu). Aya mbili za mtu aliyeitengeneza injini hiyo zingetosha, na rangi ya tenda (behewa la makaa na maji nyuma ya injini) ingeweza kusubiri kwenye kiambatisho.