Usiniambie amekosa mara ngapi, niambie mpira umeangukia wapi

Mwanangu ana miaka 16, anacheza futiboli ya Kimarekani, na mkono wake unanitisha. Nikisimama mwisho wa kiwanja cha nyuma ya nyumba zetu hapa West Side, Buffalo, Marekani, yeye akiwa ng'ambo ya pili, mpira unakuja ukivuma kama nyuki. Ukinigonga kifuani, alama inabaki hadi kesho yake. Lakini katika mipira kumi, ile inayofika mikononi mwangu haizidi mitano. Mingine inapita juu ya kichwa na kugonga uzio wa jirani.

Msimu uliopita kocha wa shule yake alimwita pembeni akamwambia atamtafutia nafasi nyingine uwanjani, si ya kotabeki, yaani mrusha pasi mkuu wa timu. Kotabeki asiyelenga, alimwambia, hakuna chuo kitakachomtaka, na hata akipata chuo, ligi ya kulipwa asahau. Kijana alirudi nyumbani hakula. Usiku alinifuata jikoni akaniuliza, "Baba, mbona Josh Allen naye alikuwa anakosa?"

Sikumjibu usiku ule. Nimekaa na swali lake miezi kadhaa, na leo nalijibu kwa maandishi, kwa sababu najua wazazi wengi tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kuishia miji hii ya baridi tuna watoto walioupenda mchezo huu kabla sisi hatujaelewa hata sheria zake.

Hapa Buffalo swali hilo linagusa moyo. Allen ni kotabeki wa Bills, timu yetu katika NFL, ligi ya kulipwa. Alicheza Chuo Kikuu cha Wyoming, na katika pasi mia alizorusha huko, zilizodakwa na wenzake zilikuwa 56 tu. Wataalamu wengi walisema wazi kwamba huyo hafai. Mwaka 2018 Bills wakatoa nafasi zao tatu za drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, kwa Tampa Bay ili wapande kutoka namba 12 hadi namba 7, wakamchukua. Januari 2024, mechi ya mtoano dhidi ya Pittsburgh ilipoahirishwa kwa ajili ya dhoruba, nilikwenda Orchard Park kuzoa theluji uwanjani, dola 20 kwa saa. Mzee aliyekuwa akisukuma koleo pembeni yangu aliniambia kwamba usiku ule wa drafti alizima televisheni kwa hasira. Yeye alimtaka Josh Rosen, kijana wa UCLA mwenye pasi nadhifu. Rosen alikwenda Arizona, akadumu msimu mmoja, akauzwa. Mzee alikuwa anasimulia huku machozi yanamlengalenga, sijui kwa baridi au kwa furaha, na kesho yake Allen akakimbia yadi 52 hadi mwisho wa uwanja na Bills wakashinda 31 kwa 17.

Kwa hiyo nampenda Allen kama mkazi yeyote wa mji huu. Hata hivyo, ukiuliza kama kijana anayekosa atageuka Allen, jibu langu, kwa kawaida, ni hapana. Kotabeki anayekosa shabaha chuoni huendelea kukosa akifika NFL.

Tazama waliomtangulia. Kyle Boller wa California alikuwa na mkono ambao hadithi yake inasimuliwa hadi leo: alipiga magoti katikati ya uwanja akarusha mpira ukapita kati ya milingoti ya goli. Ravens wakamchukua namba 19 mwaka 2003. Ukijumlisha miaka yake yote ya chuo hakufikisha hata nusu ya pasi zake, na huko Baltimore hakuwa kamwe yule waliyemtarajia. Jake Locker wa Washington, mwanariadha hasa, mbio na nguvu, alichukuliwa na Titans namba 8 mwaka 2011 huku asilimia ya pasi zake zilizodakwa chuoni ikicheza kwenye 54 au 55. Majeraha yalimwandama, pasi hazikunyooka, akaacha mpira akiwa na miaka 26. Christian Hackenberg wa Penn State alichukuliwa na Jets mwaka 2016, raundi ya pili, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida.

Sababu si fumbo. Chuoni mpokeaji wako mara nyingi yuko peke yake, beki yuko hatua tatu nyuma. Ukirusha kidogo nyuma yake anageuka, anadaka, anaendelea. Kwenye ligi ya kulipwa beki amemganda. Nafasi ya kupitisha mpira ni upana wa mlango, na mlango wenyewe unafungwa kabla hujamaliza kufikiri. Kosa lile lile la futi moja ambalo chuoni lilikuwa pasi iliyodakwa kwa shida, huku linakuwa mpira mikononi mwa adui.

Wazee wa mchezo huu hupenda kunijibu kwa kumtaja Joe Namath, ambaye katika maisha yake yote ya kulipwa alifikisha asilimia 50 tu na yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa, au Terry Bradshaw aliyetwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne akiwa hajafika 52. Ni kweli, lakini enzi hizo mabeki waliruhusiwa kumsukumasukuma mpokeaji njia nzima. Sheria zilibadilishwa mwaka 1978, mchezo ukafunguka, na leo kotabeki wa kawaida kabisa anapita asilimia 60. Mwenye 52 leo hana kazi.

Sasa nije kwenye kile ninachoamini kinapuuzwa. Asilimia inahesabu mipira iliyofika. Haikwambii ile mingine imekwenda wapi, wala kwa nini. Timu inayocheza pasi fupi za pembeni mchana kutwa itampandisha kotabeki wake hadi 67 bila yeye kulenga chochote kigumu. Wyoming haikucheza hivyo. Allen alikuwa akirusha mbali, nyuma ya ukuta wa walinzi wake uliokuwa ukivuja, na baada ya msimu wa 2016 wapokeaji wake wawili wakubwa na mkimbiaji wake mkuu waliondoka. Matthew Stafford aliondoka Georgia na asilimia 57, Lamar Jackson aliondoka Louisville na 57 vilevile. Wa kwanza ana pete ya Super Bowl aliyoipata na Rams, wa pili amekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Na JaMarcus Russell, aliyefikisha karibu 68 katika msimu wake wa mwisho LSU na kuchukuliwa namba 1 mwaka 2007, aliachwa na Oakland baada ya misimu mitatu.

Ndiyo maana siku hizi nikitazama kijana wa chuo sihesabu makosa. Natafuta kama makosa yake yana sura moja.

Makosa ya Allen wa mwaka 2018 yalikuwa na sura. Alimaliza msimu wake wa kwanza Buffalo na asilimia 52.8, pasi 10 za tachidauni, yaani za bao, mipira 12 ikidakwa na wapinzani. Tuliumia. Lakini ukitazama tena michezo ile, kosa ni lile lile likijirudia: miguu inakwenda kivyake na mkono kivyake. Anakanyaga hatua ndefu mno mbele, nyonga inachelewa, mkono unajaribu kufidia peke yake kwa nguvu, mpira unapaa. Akiwa ametulia, miguu chini ya mabega, mpira ulifika. Hilo ni kosa la ufundi, na fundi anaweza kulishika. Jordan Palmer, kotabeki wa zamani aliyekuwa akimfundisha nje ya msimu, aliliwekea kazi hilo miaka na miaka. Brian Daboll, kocha wa mashambulizi, alibaki naye tangu siku ya kwanza, lugha haikubadilika. Mwaka 2019 akafika 58.8. Mwaka 2020 Bills wakamleta Stefon Diggs, ambaye msimu ule alidaka mipira 127, akiongoza ligi nzima. Asilimia ya Allen ikaruka hadi 69.2, pasi 37 za tachidauni. Baada ya msimu wa 2024 akatangazwa mchezaji bora wa ligi.

Miaka miwili ya kazi, kocha yule yule, mpokeaji wa daraja la juu, na kosa lenye sura moja. Ondoa kimojawapo kati ya hivyo vinne na sidhani kama leo ningekuwa naandika jina lake.

Na hapa ndipo naumia, kwa sababu mfano wa Allen umewaponza vijana wengine. Anthony Richardson wa Florida alianza mechi 13 tu chuoni. Msimu wake wa 2022 ulikuwa na asilimia 53.8. Lakini alikuwa mrefu, mzito, mwepesi, mkono wa ajabu, na kila mtu akasema huyu ni Allen mwingine. Colts wakamchukua namba 4 mwaka 2023 akiwa na miaka 20, wakampanga tangu mechi ya kwanza. Bega likaumia, msimu ukaisha baada ya mechi nne. Mwaka 2024 alirudi akafikisha asilimia 47.7, akawekwa benchi kwa muda, na Agosti 2025 nafasi yake ikachukuliwa na Daniel Jones.

Sikuona uvivu kwa Richardson. Shane Steichen, kocha wake pale Colts, ni mtu mwenye akili, amemkuza kotabeki Jalen Hurts pale Philadelphia. Nilichokiona mimi ni kijana ambaye pasi fupi kwa mtu asiye na mlinzi ilipaa, inayofuata ikagonga nyasi, ya tatu ikaenda nyuma. Makosa yametawanyika. Kosa la namna hiyo linataka mamia ya mipira ya mechi halisi kabla hata hujajua uanzie wapi, na mipira hiyo ilipaswa kurushwa chuoni, mahali ambapo kukosa hakumfanyi mtu azomewe na watu elfu sitini. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Waliompeleka haraka walidhani udongo wa Allen na wake ni mmoja.

Kwa hiyo klabu inayotaka kijana wa asilimia 55 ijiulize kwanza kama inaweza kumpa miaka miwili na kocha asiyehama. Kama haiwezi, imwache apite. Ni heri namba yake ya drafti ishuke na maisha yake yabaki.

Turudi kwa mwanangu. Mwezi Aprili, theluji ilipokwisha na ardhi ikakauka kidogo, nilinunua daftari. Nilifunga tairi kuukuu kwenye mti kwa kamba, kimo cha kifua cha mtu, nikamwambia arushe mipira 50, nami nikakaa kwenye ndoo pembeni. Kila mpira niliuandika: juu, chini, kushoto, kulia, ndani. Hakupenda. Alitaka nihesabu iliyoingia.

Jumamosi ya kwanza iliingia 19. Niliyoiandika "juu" ilikuwa 24. Kushoto mitatu, kulia mmoja, chini mitatu.

Nilimwonyesha ukurasa. Aliutazama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaokota mpira, akasimama, akatazama mguu wake wa mbele, akaurudisha nyuma nusu hatua.

"Andika upya, Baba," akasema. Nikafungua ukurasa wa pili.