Baiskeli ya Mtaa, Pancha Zangu

Nilinunua baiskeli kwa sababu moja tu: nilichoka na matatu. Hapa Mombasa natoka Kisauni kwenda kazini Barabara ya Biashara, kwenye duka la leso, yaani kanga, kama kilomita 6 hivi, na nauli ya siku ya mvua na ya siku ya jua si ndugu. Makanga akiona wingu limesimama baharini, bei imeshapanda na tone halijaanguka. Basi nikajibana, nikanunua moja kuukuu, nyeusi, ya chuma tupu, zile ziitwazo Black Mamba. Ibebe ngazi mbili tu, utajua wazee wetu vile vifua walivitoa wapi.

Kosa langu ni kuileta nyumbani saa kumi na moja jioni, baraza zimejaa. Mmoja akaminya tairi. Mmoja akapiga kengele mara nne, kana kwamba anangoja afunguliwe mlango. Wa tatu, ambaye tangu nimjue sijamwona juu ya baiskeli, akasema kiti kiko juu mno. Jirani wangu wa mlango wa pili akanipa mkono: "Hongera, ami. Tumepata baiskeli."

Tumepata. Ile "tu" niliisikia vizuri kabisa, nikacheka kwa adabu. Mwenye akili angetia kufuli pale pale.

Kesho yake alfajiri, hodi. "Ami, shikamoo. Naiazima mara moja tu, nafika hapo." Marahaba, mwanangu, chukua. Sikujua kuwa kwetu "hapo" haina mpaka. Kuna hapo ya dukani, kuna hapo ya sokoni Kongowea, na kuna hapo iliyorudi saa tatu usiku na mchanga wa Mtwapa kwenye spoki. Maji ya mfereji yakikatika, na hukatika, keria yangu hubeba mitungi mitatu ya lita 20, na mwenye mitungi huniona nikienda kazini kwa miguu akanipungia mkono. Watoto nao hawafiki kitini, kwa hivyo hupenyeza mguu ndani ya fremu, chini ya kile chuma cha juu, wakaendesha mwili umekaa upande kama kaa. Nimepiga kelele mpaka nikachoka. Sasa hujibanza ukutani nikasikia chombo kikipita kwa mwendo ambao mimi sijawahi kuufikia.

Pancha za baiskeli yangu zina tabia yake: huingia ikiwa na mwingine, hulipwa ikiwa na mimi. Ukiuliza nani kakanyaga mwiba, wote waliiendesha kwa uangalifu. Mmoja aliapa kuwa hata hakuipanda, aliikokota tu. Kutoka Mtwapa.

Fundi wetu hukaa chini ya mwarobaini. Pampu yake ameifunga mnyororo kwenye shina la mti, na hilo peke yake lilitosha kunifunza kitu. Hufungua tairi kwa vipini vya vijiko viwili, akavuta tyubu kama anayetoa utumbo wa samaki, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye karai la maji. Kisha huizungusha polepole. Tunakuwa watu saba tumeinamia karai, kahawa mkononi, kimya, kama tunamtazama mtoto aliyezaliwa jana. Mara pululu, pululu, povu jembamba. "Hapo!" wote kwa pamoja, na kila mmoja akidai ndiye aliyeliona mwanzo. Fundi hupiga msasa, hupaka gundi, huipuliza, hubandika, hugonga kwa nyundo, ananinyoshea kiganja. Shilingi 50. Wale sita wengine wakati huo huwa wanatazama mbinguni. Kiraka cha mwisho kilikuwa cha 11. Fundi akanambia, "Mzee, hii si tyubu tena yenye viraka. Hivi ni viraka vyenye tyubu."

Siku nikiipata mwenyewe, hapo ndipo hukutana na Daraja la Nyali. Limefunguliwa 1980, na nikiwa juu yake huhisi nimelipita kila mwaka tangu siku hiyo. Nikikaa barabarani, matatu zanisukuma pembeni. Nikipanda pembeni, waendao kwa miguu wanirudisha barabarani. Halafu kuna upepo. Kaskazi hunisukuma mgongoni asubuhi, nikafika kazini mapema, mahali ambapo sina haraka ya kufika. Jioni, miguu imekwisha, upepo ni ule ule lakini sasa uko usoni. Nikasema basi, ngoja Kusi uingie. Kusi ulipoingia ukanipiga kifua asubuhi nzima, nikaingia dukani shati laminyika, tajiri akaniuliza kama nimekuja kwa kuogelea. Jioni ule wa kunirudisha nyumbani ulikuja kweli, ila ulikuja pamoja na masika.

Kijana wa bodaboda aliniona pale darajani nimesimama juu ya pedali, nimetoa ulimi. "Mzee, hiyo mashine yanywa nini?" Nikamwambia yanywa mahamri. Na nikamkumbusha, kwa pumzi zilizobaki, kuwa bodaboda za kwanza zilikuwa baiskeli, kule mpakani Busia, watu wakivushwa keriani. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina. Kwa hiyo mbele yake alikuwa amesimama babu yake wa kazi. Akasema, "Sawa, babu, sogea basi tupite."

Jumapili ni zamu ya wale wa nguo za kubana. Hupita kundi zima na kofia zao za plastiki na baiskeli nyepesi za kuinuliwa kwa kidole. Ni watu wazuri, husalimu. Mmoja akapunguza mwendo akaniuliza mimi kwa wiki nafanya mazoezi kilomita ngapi. Nilikuwa na gunia la viazi keriani. Nikamwambia niko kwenye programu maalumu.

Nimesikia kuwa mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Siku 1. Majirani zangu wamezitenga zile 364. Na hiyo 3 Juni ya mwaka jana, mimi nilikwenda kazini kwa matatu.

Mke wangu ndiye aliyekuja na dawa. "Wewe wauza leso mchana kutwa," akasema, "na hujui kusema na watu kwa leso?" Nikachagua moja yenye jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, lisilo na fumbo: CHA MWENZIO SI CHAKO. Nikanunua doti nzima, vipande viwili, maana tajiri haniuzii nusu. Kipande kimoja nikakitia kabatini, cha pili nikakikunja kikawa mto wa keria, jina juu, nikakikaza kwa mpira wa tyubu kuukuu. Aazimaye asome.

Lakini mtu hasomi alichokikalia. Wameizunguka Kisauni yote juu ya ujumbe wangu. Mmoja alikuja kunishukuru kabisa: "Ami, sasa imekuwa raha. Zamani hiyo keria ilikuwa yauma."

Wiki iliyopita baiskeli ikarudi keria tupu. Sikusema neno. Ijumaa jioni niko chini ya mwarobaini natia upepo, namwona mke wa jirani wa mlango wa pili anakuja, leso yangu kiunoni, jina limekaa nyuma, lasomeka mtaa mzima. Aliponifikia akasimama. Nikaacha pampu, nikajua leo haya zimemshika.

"Shemeji," akanambia, "leso hii nimeipenda. Na mwenziwe yuko wapi?"