Bajaji imenipita mlimani

Hivi jamani, bajaji ina abiria wanne na gunia la mkaa, inikute mlima wa Goba, inipite, halafu dereva ageuke anipe pole! Mi nina tai shingoni, mguu umekanyaga mafuta mpaka mwisho na gari haipandi, inatetemeka tu, taa ya cheki injini inapepesa. Ikiwaka ikatulia unaweza kujikongoja ukafika, ikianza kupepesa ujue petroli isiyoungua inashuka kuchoma masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Basi hapo nikashukuru, masega yenyewe fundi mmoja alishayatoa zamani eti gari ipumue. Yaliuzwa wapi sijui, naona tu alinunua simu.

Nikaivuta mpaka gereji ya chini ya mwembe. Mzee wa pale hafungui boneti kabla hajauliza, "Nani alishika hii gari?" Unataja. Anacheka, anawaita wenzake nao waje wacheke. Kisha anafumba macho, anasikiliza injini, anaguna, "Bosi, hii pampu." Pembeni kuna yule jamaa wa kila gereji, si fundi wala si mteja, anakula muwa, anasema hapana, mafuta machafu, ulijaza wapi? Wanabishana, mi nashika koti. Dogo mmoja kaja na mashine yake, kachomeka chini ya usukani, imetoka P0302, silinda namba mbili haichomi. Kasema taratibu tu: hamisha koili ya mbili, ile inayopa plagi moto, iende tatu, kosa likihamia P0303 koili imekufa, lisipohama tuangalie plagi na nozeli ya mafuta. Kazi ya dakika kumi, spana moja ya namba kumi!

Mzee kavimba. "Mi nimeanza na Peugeot 504, kulikuwa na mashine?" Kwa hiyo ili heshima yake isishuke imebidi gari yangu ishushwe pampu, maana siti ya nyuma inayoifunika ilikuwa imeshang'olewa tayari, na nje ya gari nikaona viatu vya mtoto, ganda la ndizi, na elfu mbili ambayo nilipogeuka haikuwepo tena. Pampu nzima kabisa! "Si mbaya bosi, tumeihakikisha." Ya kuhakikisha unalipia jamani, tena bei ile ile!

Jioni ndo koili ikahamishwa, kosa likahama. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, muuzaji kaniuliza unataka ya Japani au mpya. Yaani iliyotumika na wenzetu ndo ghali kuliko mpya, na mpya hakuna wa kuapa kwamba itafika hata Jangwani hapo jirani.

Nafika nyumbani nanuka petroli, namkuta jirani niliyempa lifti mwaka mzima bila hata elfu ya mafuta, kasimama getini. Anasema siku hizi gari yangu inamchelewesha, kahamia kwa yule wa Prado, ila aliacha mwamvuli wake siti ya nyuma, anauomba.