Tumefuata Harufu ya Ua

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa papa mkavu. Nyumba ya Tanga ikianza kunuka ghafla, watu hawaitishi kikao. Wanakwenda moja kwa moja jikoni kumtafuta papa. Kwetu alikuwako, kaning'inia juu ya meko, zawadi ya mama mkwe kutoka Pangani. Mke wangu akamnusa, akamgeuza, akamnusa upande wa pili, akasema, “Papa wa mama hanuki hivi.” Mama mwenyewe alikuwa amekaa ukumbini anashona kofia, anasikia kila neno, kwa hiyo nami nikaona papa hana hatia.

Tukamtoa nje kwa siri hata hivyo.

Ilikuwa Ijumaa jioni, masika ndiyo kwanza yameanza, na kesho yake tulikuwa na ugeni wa posa. Binti wa kaka yangu, niliyemlea mimi, alikuwa amepata mchumba, kijana wa Makorora, na wazee wake walikuwa waje kuleta barua. Watu wa pwani mtanielewa. Wazee wa posa hukaa barazani robo saa, wakanywa kahawa, wakatazama chini kwa adabu, lakini wakifika kwao wake zao huwahoji mpaka usiku: nyumba ikoje, vikombe vikoje, watu wenyewe wakoje. Na sisi tulikuwa na harufu ya mzoga. Sisemi harufu ya kabichi iliyolala au ya dagaa walioloa. Mzoga.

Tukaanza na dari. Jirani yetu fundi baiskeli, ambaye ujuzi wake na dari havihusiani ila ana ngazi, akapanda na tochi, akatambaa huko juu muda mrefu, akateremka na popo mkavu, mpira wa watoto uliopotea mwaka jana, na habari kwamba panya hayupo. Tukafunua chemba ya choo. Chemba ilinuka inavyotakiwa kunuka, harufu ya kawaida, ya heshima, hata pua zetu zikapata kupumzika kidogo. Mke wangu akatia udi kwenye chetezo akazunguka nao vyumba vyote. Nawashauri msijaribu. Udi na mzoga haviondoani. Unachopata ni mzoga unaokwenda arusini.

Mama mkwe wangu muda wote huo hakusema neno. Ni mtu wa Pangani wa zamani, na adabu ya mkwe kwake ni kama ibada: miaka yote hii hajapata kunitazama usoni zaidi ya salamu. Baada ya chakula cha usiku alimtuma mjukuu wake aniletee kikaratasi kilichokunjwa vizuri. Ndani mlikuwa na jiwe la shabu na malimau mawili. “Bibi kasema hii ni yako,” mtoto akasema, akakimbia.

Nikakaa nikatafakari. Shabu hutuliza maji machafu. Bibi zetu wote walikuwa wakiitia kwenye mtungi. Basi mama kwa hekima yake alikuwa ananiambia bila kunivunjia heshima kwamba kuna kitu kimefia kwenye tangi la maji. Nikasema moyoni, hawa ndio wazee. Nikachukua tochi nikaenda nyuma ya nyumba usiku huohuo, nikapanda tofali, nikatumbukiza shabu yote kwenye tangi. Wakati wa kuteremka nikakanyaga kitu kinene na laini gizani. Nikadhani konokono. Malimau tulikamulia samaki.

Nilivyorudi ndani harufu ilizidi, tena ilikuwa inanifuata chumba hadi chumba. Mama mkwe alipoona nimeingia ukumbini akainuka taratibu, akasema anakwenda kulala.

Asubuhi hali ilikuwa shwari. Viatu vyangu vilikuwa vimelala nje kwenye mvua, hewa imetakata, na mimi nikamsifu mama mkwe mbele ya mtaa mzima kwa elimu yake ya shabu. Alisikia, akainamisha kichwa juu ya kofia yake, akaendelea kushona.

Sasa lazima niwaeleze habari ya ua, maana mke wangu hatanisamehe nikiliweka mwisho. Mke wangu ni mtu wa maua. Ana asumini, mkilua, mrehani, waridi kwenye ndoo zilizotoboka. Miezi kadhaa nyuma tulinunua lori la udongo mweusi kutoka upande wa Muheza tukajaza bustani, na mvua za kwanza ziliponyesha, pembeni kabisa mwa baraza pakachomoza kitu ambacho hakuna aliyepata kukiona. Halikuwa na jani hata moja. Kilikuwa kikonyo kinene chenye madoadoa, kimetoka ardhini peke yake, na juu yake tumba lililofungwa, rangi ya zambarau iliyoiva. Kila asubuhi linaongezeka urefu.

Mtaa mzima uliitwa kulitambua. Fundi baiskeli alisema ni gimbi lililokosa malezi. Bwana shamba mmoja, aliyekuwa anapita kwa shughuli zake, alilizunguka mara mbili, akauliza kama tuna maji ya kunywa, akanywa, akasema ni aina ya yungiyungi. Binti yetu akalipiga picha kwa simu yake, kuna programu ya kutambua mimea, nayo ikajibu bila aibu kwamba hilo ni bilingani.

Mke wangu hakuwasikiliza. Yeye alikuwa na ndoto, na ndoto yake ina msingi wa historia. Si kutoka milima ya Usambara, hapahapa mkoani kwetu, Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau akampelekea baba yake Ujerumani? Mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, na leo limekaa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. “Lile waliokota wao,” mke wangu alikuwa akisema akilimwagia maji tumba lake. “Hili langu.”

Kwa hiyo Jumamosi alipoona tumba linakaribia kufunguka, aliamua wageni wasikae ukumbini. Mikeka na viti vikapangwa barazani, ubavuni, ili wazee wa posa waketi karibu kabisa na ua geni na habari zake zifike Makorora.

Mvua iliwachelewesha. Badala ya alasiri, walifika jua linaelekea kuzama, kanzu nyeupe, kofia za viua, mzee wao mkubwa na bakora. Tukaamkiana, tukaulizana hali hadi za mbuzi. Halua ikatengwa, na visheti, na kahawa ya tangawizi. Nikageuka kutazama ua la mke wangu, nikaliona limefunguka: sketi pana ya zambarau, na katikati yake mnara mweusi. Zuri, kwa kweli. Na palepale harufu ikaja.

Ile ya Ijumaa ilikuwa salamu tu. Hii ilikuwa mwenyewe. Nikaona mabega ya wageni yanapanda kidogo, watu wanapunguza pumzi, lakini hakuna uso uliobadilika. Mgeni aliyekuwa mwisho wa mkeka alitazama chini ya kiatu chake cha kulia kwa siri, kisha cha kushoto. Mjomba wangu, aliyeketi nami, alinigeukia kwa jicho ambalo sitalisahau, alinishuku mimi. Mimi nilimshuku yeye. Dakika nzima kila mtu barazani pale alikuwa na mshukiwa wake, na wote tunatabasamu.

Msemaji wao akaanza. Alikuwa fundi wa maneno, na hotuba yake, masikini, alikuwa ameitayarisha toka kwao.

“Wazee wangu,” akasema, “sisi ni wapita njia. Tulikuwa twapita zetu, mara tukasikia harufu.”

Akasita. Naona hapo ndipo mwenyewe alipoyasikia maneno yake. Lakini hotuba ya posa haina gia ya nyuma.

“Tukasikia harufu ya ua,” akaendelea, sauti imepungua. “Harufu hiyo ikatuvuta. Tukauliza, harufu hii yatoka wapi? Tukaambiwa... yatoka nyumba hii.”

Kijana mmoja wa upande wao alishusha kofia ikamfunika macho, mabega yanatetemeka. Kutoka dirishani, walikokaa wanawake, pakatoka mlio wa mtu aliyebanwa mdomo na mwenzake. Mimi nilipaswa kujibu kwamba ua hilo tunalo na tunalitunza. Nilifungua mdomo, hewa ikaingia, nikaufunga.

Aliyetuokoa ni nzi. Walikuja wale wa kijani, wanaong'aa, wengi, na mzee mwenye bakora akawafuata kwa macho. Nzi wakaipita sinia ya halua bila hata kupunguza mwendo. Nzi wa Tanga anayepita halua ana jambo zito. Mzee akainuka, akamfuata nzi, akainama juu ya sketi ya zambarau, akarudi nyuma hatua mbili akiwa ameziba pua kwa ncha ya kanzu.

“Huyu hapa!” akasema kwa furaha. “Enyi, mzoga wenu ni ua!”

Baraza zima likapumua kwa mara moja, kosa kubwa, kisha likacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee alikuwa amefanya kibarua Amani ujana wake, kwenye ile bustani ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na mwituni huko aliyaona sana. “Lanuka siku moja, mbili, kisha laanguka. Lawaita nzi kwa udanganyifu, wanadhani nyama. Jani lake laja baadaye, moja tu, kama mwavuli. Udongo mliutoa wapi?” Tukamwambia Muheza. Akatikisa kichwa. “Basi lilikuja na lori, kiazi chake kimo humo. Na halikai peke yake, tafuteni mwenzake.”

Mwenzake tulimkuta nyuma, chini ya tangi la maji, ameshindiliwa ardhini na kiatu cha mtu. Nilisema ni watoto.

Posa ilikubaliwa, barandani, upande wa pili wa nyumba. Kesho yake binti alilipiga picha tena ua lililofunguka, na safari hii simu ikasema Amorphophallus, ukoo mmoja na magimbi, kwa hiyo fundi baiskeli anatembea kifua mbele mpaka leo. Jamaa zake ni aina karibu 200. Mkubwa wao anatoka Sumatra, ua lake hufika mita 3, na lilipochanua London mwaka 1889, bustani ya Kew, ilikuwa mara ya kwanza nje ya kwao. Siku hizi likichanua kwenye bustani kubwa za Ulaya, watu hupanga foleni kulinusa. Mke wangu aliposikia neno foleni akaanza kulijengea ua lake uzio wa mabua. Jani lilipotoka, moja, pana, bua lina madoa ya nyoka, uzio ulikuwa tayari.

Mama mkwe alirudi Pangani Jumatatu. Nilimbebea mkoba hadi kituoni, na nikaona sasa ni wakati wa kumshukuru kwa ile shabu, ingawa tangi halikuwa na kosa.

Akasimama. “Tangi lipi?”

Nikamweleza. Mama mkwe wangu akaniinulia macho, mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye, akanitazama usoni kisha polepole miguuni.

“Haya, baba,” akasema. “Nitakuletea nyingine.”