Nani atapungukiwa ahadi ikitimizwa?

Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa 2022 nilikuwa Kizingitini, kisiwani Pate, siku mashua ya kampeni ilipofika. Spika zilianza kuimba mashua ingali mbali. Pembeni mwa gati mama mmoja alikuwa akimpiga pweza wake juu ya jiwe ili alainike, na mkono wake haukusita hata mgombea alipofika kwenye usawa wa wanawake na haki za wavuvi. Nilipomuuliza anaonaje, alijibu bila kuinua uso: "Mwanangu, hawa wakiwa hapa wanayaamini maneno yao wenyewe. Shida ni wakisharudi."

Jibu hilo sijalisahau, kwa sababu linapingana na lile ninalolisikia kila jioni barazani Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu. Pale hukumu hutoka kahawa haijapoa: wanasiasa wote ni waongo. Mimi siikubali. Tukishawaweka wote kapu moja, aliyejitahidi na aliyetuhadaa wanarudi kwetu wakiwa sawa, na anayefaidika ni yule mhadaifu.

Mwaka 2002 Mwai Kibaki na wenzake waliahidi elimu ya msingi bila malipo. Januari 2003, siku chache tu baada ya Kibaki kuapishwa kuwa rais, ada zikafutwa, na kote nchini watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Walimu hawakutosha, madawati hayakutosha, lakini mtoto wa mvuvi aliingia shule bila kuulizwa pesa. Sasa kumbuka kwamba watu haohao, katika kampeni hiyohiyo, waliahidi katiba mpya ndani ya siku 100. Katiba ilipatikana tarehe 27 Agosti 2010.

Je, walikuwa wakweli asubuhi na waongo jioni? Sidhani. Elimu ya bure ilitaka pesa za hazina na za wafadhili. Hakuna mkubwa aliyepoteza kiti kwa ajili yake. Katiba mpya ilitaka rais apunguziwe mamlaka, na mamlaka hayo sasa walikuwa nayo wao. Ndiyo maana siku hizi siulizi tena kama mwanasiasa ana nia njema. Naangalia ni nani atakayepungukiwa ahadi ikitimizwa, na kama mtu huyo anakula naye meza moja.

Kipimo hicho kinaonekana wazi zaidi kwenye suala la wanawake. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mswada wa kulitekeleza hilo ulipofika Bunge la Taifa Februari 2019, Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa upinzani Raila Odinga walikuwa wameuunga mkono hadharani. Zilihitajika kura 233. Wabunge waliokuwemo ukumbini walikuwa 174. Hawakuhitaji kusimama waseme hawataki, ilitosha kutofika. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, na Bunge likaendelea na kazi zake. Miaka miwili baadaye William Ruto aliahidi baraza la mawaziri ambalo nusu yake ni wanawake. Katika mawaziri 22 aliowateua, wanawake walikuwa 7, mmoja wao Aisha Jumwa wa Malindi. Naamini aliposema nusu alimaanisha. Lakini kila wizara ilikuwa na mtu au eneo linaloidai, na deni la waliompigia debe lililipwa kwanza.

Wanaowatetea wanasiasa wana hoja nzito pia, na hapa Lamu tunaijua vizuri. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na wavuvi bado walikuwa wakisubiri. Bandari si ya kaunti, hazina si ya kaunti. Diwani au gavana aliyelisukuma jambo hili kwa moyo wote angeweza kuondoka ofisini mikono mitupu, na kumwita mwongo ni kumdhulumu. Ninachomlaumu ni kuahidi jukwaani kana kwamba ufunguo wa hazina ulikuwa mfukoni mwake. Angetuambia tangu mwanzo mlango uko kwa nani, tungeandamana naye mpaka mlangoni.

Tena kuna lililonipa matumaini. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba watu wa visiwani hawako tayari kuongozwa na mwanamke, na wengine walijificha nyuma ya maneno hayo ili wasiguse sheria. Mwaka 2022 wapiga kura wa Lamu Mashariki walimchagua Ruweida Obo, aliyekuwa Mwakilishi wa Kike wa kaunti, awe mbunge wao, kwenye kiti ambacho wanaume pia walikigombea. Wazee walipiga kura, na wavuvi pia, kabla Bunge halijatimiza wajibu wake.

Mashua za kampeni zitarudi Pate 2027. Nimeshaliandaa swali langu, na nitaliuliza mbele ya watu wote: katika hao uliokuja nao leo, ni nani atakayekasirika ukitimiza hili, na utamwambia nini?